Bonasi ya Oktoba, Karo ya Septemba



Nina miaka 33, nimeolewa na nina watoto wawili. Nafanya kazi katika Sacco moja ya huku kwetu, upande wa mikopo, na huu ni mwaka wa tisa. Meneja wetu anastaafu Juni mwakani. Mwezi wa Machi, baada ya mkutano mkuu, mwenyekiti wa bodi aliniita kando akaniambia, “Wewe ukiwa na digrii ya pili hatutahangaika kutafuta mtu wa nje.” Nilifurahi sana, nikaamua kuomba nafasi ya MBA katika shule moja ya biashara Nairobi ambayo hufundisha wikendi.

Basi Aprili mtoto akaugua. Mei na Juni majani ya chai yalikuwa mengi na mama yangu hakupata wachumaji. Julai nikawa nasema kesho, kesho. Sasa ni Agosti. Masomo yanaanza wiki ya pili ya Septemba na siku ya mwisho ya kuomba ilipita, ingawa nikiingia kwenye tovuti fomu bado inafunguka. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema nisijisumbue, kwamba anayeomba raundi ya mwisho anatupa pesa, maana viti na ufadhili huwa vimekwisha.

Mama ana ekari moja na nusu ya chai upande wa Chepseon. Amesema bonasi yote ya Oktoba ni yangu. Lakini karo inatakiwa Septemba, na kuna mtu aliye tayari kunipa pesa sasa, nimrudishie na riba bonasi ikiingia. Mume wangu anasema ningoje mwaka ujao. Nikingoja, kiti cha meneja kitakuwa na mtu.

Kuna mengine mawili yananitia haya. Cheti changu cha digrii sijakichukua tangu nilipohitimu, kwa sababu gauni la mahafali sikulirudisha. Niliajiriwa kwa barua ya kuonyesha nimemaliza, na sikuulizwa tena. Gauni liko kabatini. La pili, fomu inataka barua ya kunipendekeza kutoka kwa mkubwa wangu wa kazi, naye ndiye meneja huyo huyo anayestaafu. Sijamwambia neno.

Niombe au niache?

Mchelewaji, Kipkelion


Chamge, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitazama tarehe, kwa kuwa ndizo ulizotaka nizitazame. Mara ya pili nikatazama pesa, na hapo ndipo niliposhtuka. Lakini nianze na tarehe, tuzimalize, maana zimekunyima usingizi bure.

Binamu yako hajakudanganya. Amekueleza mambo ya kule aliko. Shule kubwa za biashara za Marekani hupokea maombi kwa mafungu, na kila fungu lina tarehe yake kali. Stanford, kwa mfano, ina raundi tatu: ya kwanza hufungwa Septemba, ya pili Januari, ya tatu Aprili, na wote waliokubaliwa huanza darasa pamoja. Harvard, iliyoanza kufundisha MBA mwaka 1908 kabla ya wengine wote, siku hizi ina raundi mbili tu kwa waombaji wa kawaida. Anayekuja mwisho hukuta viti vichache na mfuko wa ufadhili umekauka, na kama ametoka kwetu, bado ana foleni ya viza pale Gigiri. Kuomba tu katika shule za namna hiyo ni kati ya dola 200 na 300, nazo hazirudi hata ukikataliwa. Mtu wa Kipkelion akiniuliza kama aombe huko raundi ya tatu, nitamwambia yale yale ya binamu yako. Hata hivyo si ng'ambo yote iko hivyo. INSEAD ya Ufaransa huanzisha darasa mara mbili kwa mwaka, Januari na Agosti, na aliyekosa la kwanza anajipanga kwa la pili.

Wewe huombi Marekani. Unaomba Nairobi, na Nairobi mwaka wa masomo hauna mlango mmoja. Vyuo vingi, vya umma na vya kibinafsi, hupokea wanafunzi wa uzamili Januari, Mei na Septemba, na vingine mara mbili. Wala usichanganye jambo hili na KUCCPS, ambayo nimeona wengi wakiichanganya. Ile huwapanga vijana waliotoka kidato cha nne, wa digrii ya kwanza na diploma, na ina madirisha yake yenye tarehe. Digrii ya pili unaomba chuoni moja kwa moja, na anayekujibu ni mtu mwenye meza na simu.

Mimi nilikuwa mtu huyo. Nilikaa miaka kumi na minane katika ofisi ya usajili ya chuo ambacho sitakitaja. Maombi yaliyochelewa tuliyatia kwenye kreti tupu ya soda chini ya meza yangu. Hayakutupwa. Tarehe ikishapita tulihesabu waliokubaliwa ambao kweli wamelipa, na mara nyingi darasa la wikendi lilikuwa halijajaa hata nusu. Mkuu wa kitivo anateremka ngazi, anasimama mlangoni kama mtu anayepita tu, anauliza: “Kreti ina nini?” Kesho yake tangazo linatoka gazetini kwamba siku zimeongezwa wiki mbili, na waliochelewa wote wanageuka kuwa waliowahi. Nimeona hayo zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo fomu inayofunguka baada ya tarehe ina maana mbili. Ama viti bado vipo, ama kijana wa kompyuta yuko likizo. Hutajua kwa kuitazama usiku kwenye simu. Piga asubuhi, kabla ya saa nne, ofisi haijachoka. Uliza kama darasa la Septemba lina nafasi, uliza la Januari linafungwa lini, kisha uliza swali ambalo waombaji wengi hulisahau: mtu akikubaliwa kwa Septemba, je, anaruhusiwa kuahirisha hadi Januari bila kuomba upya na kulipa upya? Andika jina la aliyekujibu.

Na ukiandika barua yako ya maombi, usijishtaki sana. Nakumbuka mwalimu mmoja aliyejaza ukurasa mzima akiomba radhi kwa kuchelewa, hata nafasi ya kutueleza yeye ni nani ikakosekana. Mwingine, wiki hiyo hiyo, aliandika sentensi moja: alikuwa akimuuguza baba yake hadi Julai, na baba yake sasa amezikwa. Halafu akaendelea na habari za kazi yake, ushirika wa maziwa, na jinsi walivyopoteza nusu ya wateja kwa sababu ya jokofu lililoharibika. Huyo nilimpandisha ghorofani mchana uleule. Wewe una mtoto aliyeugua na mama asiye na wachumaji. Hiyo ni sentensi moja. Iandike, weka nukta, endelea.

Hivyo kuomba, omba. Lakini kuanza Septemba ni jambo lingine, na hapa ndipo tunapoachana.

Niliwahi kujiunga na masomo wiki ya nne. Nilikuwa kijana kuliko wewe, na nilikimbia kama unavyotaka kukimbia. Wenzangu walikuwa wameshafika katikati ya takwimu. Mimi nilikaa nyuma nikinakili alama za Kigiriki ambazo sikujua hata jinsi ya kuzitamka. Hilo nililivumilia. Kilichoniumiza ni kwamba jina langu halikuwa kwenye orodha ya mhadhiri, kwa kuwa orodha ilichapishwa kabla sijalipa. Nilifanya mtihani, nikapita, na alama hazikuonekana. Mwaka mzima nilitembea na karatasi zangu katika mfuko wa plastiki, kutoka ofisi hii hadi ile, nikithibitisha kwamba nilikuwapo. Kila aliyesoma vyuo vya Kenya anamjua mtu mwenye kisa cha alama zilizopotea. Chunguza visa hivyo, utakuta vingi vilianza na usajili wa mwisho mwisho.

Sasa tuhesabu miezi, mwanangu, maana katika barua nzima hukuihesabu. Meneja anaondoka Juni. MBA ya wikendi huchukua karibu miaka miwili. Ukianza Septemba, Juni itakukuta katikati ya njia. Ukianza Januari, Juni itakukuta katikati ya njia vilevile, ila hatua chache nyuma tu. Katika hali zote mbili, siku kiti kitakapokuwa wazi hutakuwa na digrii ya pili mkononi. Basi haraka hii ya Septemba inakununulia nini? Nimegeuza barua yako huku na huku nikitafuta jibu, sikuliona.

Pengine mwenyekiti alimaanisha kwamba mtu anayeendelea na masomo atafikiriwa. Pengine alimaanisha lazima awe amemaliza. Pengine alikuwa amefurahi baada ya mkutano mkuu, soda zimenyweka, na maneno yakamtoka. Sijui, na wewe pia hujui, kwa kuwa uliambiwa pembeni na hukuuliza. Mwenyekiti ni mtu mmoja, na bodi ina watu kadhaa na itatoa tangazo lenye maneno. Nenda kamuulize: tangazo la kazi hiyo litasema digrii ya pili ni sharti, au litasema ni nyongeza nzuri? Kati ya maneno hayo mawili kuna laki kadhaa za shilingi. Nimeona matangazo mengi ya umeneja wa Sacco, na mara nyingi sharti lenyewe ni digrii ya kwanza pamoja na cheti cha uhasibu cha CPA, kisha uzamili unatajwa mwishoni kama bizari.

Hukuniambia kama una CPA. Kunyamaza kwako kunanifanya nidhani uliianza ukaiacha. Kama ni hivyo, mitihani yake ya KASNEB hufanyika Aprili, Agosti na Desemba. Desemba na Aprili zote mbili zinatangulia Juni. Angalia leo siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa Desemba, kwa sababu huko kuchelewa ni kuchelewa kweli. Hakuna kreti ya soda.

Nije kwenye pesa.

Unalijua soko huru la majani ya chai kuliko mimi. Pikapu inasimama kando ya barabara kabla lori la kiwanda halijafika kituoni. Mwenye mizani ya kuning'iniza anatoa noti hapo hapo, na mama ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo anamwaga gunia zima. Hakuna anayemlaumu, hata jirani anayejifanya hakuona. Lakini kilo zile hazimo kwenye hesabu ya kiwanda, na Oktoba wengine wakipokea bonasi yeye anapokea ya majani yaliyobaki. Huyo mtu wako anafanya biashara ileile, ila amepanda ngazi: hanunui majani, ananunua bonasi yenyewe. Anainunua Agosti, wakati hakuna ajuaye itakuwa shilingi ngapi kwa kilo. Mwaka wa hesabu wa viwanda vya chai vya KTDA hufungwa tarehe 30 Juni, vitabu hukaguliwa, wakurugenzi hukaa, kiwango hutangazwa, ndipo pesa huingia karibu na Oktoba. Na huko kwenu hamhitaji kukumbushwa kwamba kiwango hushuka. Mwaka 2025 kiliposhuka, wakulima wa Kericho na Bomet waliingia barabarani, huku wakilinganisha malipo yao na ya wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Kama ungekuwa umekopa Agosti ya mwaka huo, riba isingeshuka pamoja na bonasi.

Mwanangu, wewe unakaa kwenye dirisha la mikopo. Aje mteja leo, aketi mbele yako, akuambie: nataka mkopo wa karo, atakayelipa ni mama yangu, atalipa kwa pesa ambazo kiwango chake hakijatangazwa, mdhamini sina, na kazi ninayoisomea sijaahidiwa kwa maandishi. Ungeandika nini kwenye fomu yake? Umeandika neno hilo kwenye fomu za watu kwa miaka tisa. Liandike na kwenye yako.

Nina neno pia kuhusu mama. Amesema bonasi yote ni yako, na najua alivyosema, bila kukuangalia usoni, akiendelea na alilokuwa akifanya. Akina mama wa chai hutoa hivyo. Lakini mwombe akuonyeshe karatasi zake za malipo za mwaka mzima, Julai hadi Juni. Jumlisha kilo. Zidisha kwa kiwango cha mwaka jana, na kwa tahadhari punguza kidogo. Kisha toa deni la mbolea, kwa sababu mbolea ile ya kiwanda haikuwa zawadi na hukatwa kabla pesa hazijamfikia. Utapata namba. Iweke kando ya karo ya shule unayoitaka. MBA za Nairobi huanzia laki kadhaa na nyingine huvuka milioni moja. Nadhani ekari moja na nusu haitafika hata robo ya safari, na mama atakuwa amebaki mwaka mzima bila pesa ya kuezeka, ya wachumaji, ya dawa. Halafu Mei ijayo majani yakiwa mengi, atakosa wachumaji tena, na wewe utaitwa tena ukachume. Ulichelewa mwaka huu kwa sababu mama hakuweza kulipa wachumaji. Bonasi ile ile unayotaka kuichukua ndiyo inayowalipa.

Akikulazimisha kupokea, pokea kidogo, iandikwe, na umrudishie. Zilizobaki zitafute kwingine. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haiwakopeshi wa digrii ya kwanza peke yao. Ina mikopo ya uzamili pia, na ina dirisha lake la kuomba ambalo nalo hufungwa. Sacco yako ina mkopo wa masomo kwa wafanyakazi au haina, wewe wajua. Shule yenyewe iulize kama karo hulipwa kwa awamu. Mengi ya hayo yanahitaji miezi miwili mitatu kupangwa, na hiyo miezi ipo kati ya sasa na Januari.

Mume wako anasema ungoje mwaka ujao. Mpe nusu ya haki. Januari ni mwaka ujao.

Kwa kuwa utapata muda huo, ulizia na karibu. Kutoka Kipkelion hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Utapanda hadi Mau Summit, ushuke Nakuru, upite Naivasha, na kila Jumapili jioni urudi njia hiyo hiyo ukiwa umebanwa katikati ya malori, watoto wamelala kabla hujafika. Kwa miaka miwili. Wapo wanaofanya hivyo na nawavulia kofia. Lakini Chuo Kikuu cha Kabianga kimo ndani ya kaunti yako na kina hati yake tangu 2013, na Egerton ina kampasi mjini Nakuru. Waulize wanafundisha nini cha biashara ngazi ya uzamili, siku zipi na kwa kiasi gani. Jina la shule ya Nairobi lina uzito wake, sikatai. Katika Sacco ya wakulima wa chai na maziwa, uzito huo si mkubwa kama unavyoonekana kwenye brosha.

Sasa meneja. Hili ndilo lililonikalia rohoni kuliko yote, kwa sababu naona umeliweka mwishoni, chini ya gauni.

Unaogopa kumwambia kwa kuwa utaonekana unapima kiti chake kabla hajainuka. Lakini fikiri atalijuaje usipomwambia. Shule itamtumia ujumbe: fulani ameomba, tafadhali mpendekeze. Utamfikia saa nne asubuhi, yuko na mkaguzi ofisini, na siku zimebaki tatu. Atajua kwamba umepanga jambo tangu Machi, kwamba mwenyekiti anajua, na kwamba yeye, aliyekufundisha kusoma taarifa ya benki, ndiye wa mwisho kuambiwa. Barua atakayoandika mtu wa namna hiyo itakuwa na mistari minne. Nimezisoma barua za mistari minne. “Namfahamu kwa miaka tisa. Huja kazini kwa wakati.” Hakuna uongo ndani yake, na humzamisha mwombaji kuliko tusi.

Usimwambie kwenye korido. Usimwandikie kwenye simu. Nenda nyumbani kwake Jumamosi, mwende na mume wako ikiwezekana, mketi, mnywe mursik itakayotolewa, muulize habari za ng'ombe na za wajukuu. Kisha mwambie kwa mdomo wako: “Mzee, nataka kurudi shule, na sitaki uyasikie kwa mtu mwingine.” Mwambie alilosema mwenyekiti, hata kama unadhani analijua. Mwombe barua, na umwombe pia kitu ambacho shule haitakupa: kwa hii miezi iliyobaki, akuketishe naye anapotayarisha bajeti, anapojibu wakaguzi, anapomkatalia mkopo mtu mkubwa wa mtaa bila kumvunjia heshima. Mzee anayestaafu hupenda kuulizwa. Anachokichukia ni kuona watu wakinyamaza anapoingia chumbani. Na bodi itakapokaa kuchagua mrithi, neno lake litasikika hata akiwa ameshaondoka.

Inawezekana atakasirika. Basi akasirike Agosti, apoe kufikia Oktoba. Hiyo nayo ni faida ya kutoomba kwa pupa.

Basi uamuzi wangu ni huu. Piga simu wiki hii. Jaza fomu, omba Januari. Kama hawana Januari, omba Septemba kwa sharti la kuahirisha, na wakikataa, waache na uende kwingine. Mtu wa mkopo mshukuru, umwambie umepata njia nyingine, usimweleze ni ipi. Mwenyekiti muulize maneno ya tangazo. CPA, kama ipo nusu, imalize.

Limebaki gauni. Ulilitaja kwa haya na mimi nilicheka, samahani. Tuliokuwa ofisini tunajua idadi ya magauni yaliyolala kwenye makabati ya nchi hii. Lakini baada ya kucheka nikakumbuka kwamba umefanya kazi miaka tisa bila cheti halisi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulifichua vyeti bandia zaidi ya 2,000 katika taasisi za serikali, na tangu hapo waajiri wengi, hata wasio wa serikali, wanadai kuona karatasi yenyewe. Chako si bandia, lakini anayetaka umeneja hawezi kusema “kipo chuoni.”

Lifue. Likunje pamoja na kofia na ile skafu ya rangi ya kitivo. Beba kitambulisho, na risiti ya amana kama bado unayo. Faini itakuwapo, uliza kiasi kabla hujapanda matatu. Siku hiyo hiyo omba na transkripti, maana ofisi zile hazikupi vyote viwili kwa safari moja usipovitaja. Bila karatasi hizo, hakuna shule itakayofungua jalada lako, iwe ya Septemba au ya Januari.